Shangazi na Mwembe Uliokataa Kuzaa



Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza mbona Jumapili iliyopita nilihubiri dakika chache tu nikaketi. Tulikuwa tumemzika Shangazi siku ya Alhamisi. Lakini si kilio peke yake kilichonikalisha, na leo nitawaambia yote.

Kwa wale ambao hamjafika kwetu Kivaa, ni jua, mawe na mlima, na mto Tana hauko mbali. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981 na umeme wake ukaenda mbali, lakini mama zetu waliendelea kubeba mitungi ya maji mgongoni, kamba ikiwa kichwani. Kwa hiyo ukisikia Shangazi alikuwa mtu wa bustani, usifikirie maua. Fikiria mtu anayehesabu maji kikombe kwa kikombe. Maji yakishaosha mboga yaliloweka sufuria, kisha yakapelekwa kwa karai hadi kwenye magunia ya sukuma wiki. Ukimwaga maji uani alikuuliza, “Umemnywesha nani hapo?”

Shamba la Babu liko kwenye mteremko. Shangazi na akina mama wenzake wa mwethya, leo kwako kesho kwangu, walilikata matuta ya fanya juu. Vijana wa siku hizi hamyajui haya: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, hapo juu unapanda nyasi zishike tuta. Mvua ya Novemba ikija kwa fujo inasimama na kunywewa na ardhi badala ya kuondoka na shamba lako. Ndani ya mtaro alipanda mipapai, na katikati mbaazi, kunde na ndengu. Ndengu hizo ndizo zilizonilipia karo. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, mimi na mdogo wangu, na Shangazi, ambaye hakuolewa, akatuchukua.

Sasa, kulikuwa na mwembe karibu na jiko. Kila mwaka ulitoa maua, yakapukutika. Baba alinoa panga, akasema unakunywa maji ya bure. Shangazi alikataa. Alichimba kuuzunguka, akajaza samadi ya mbuzi, akaomba apewe muda. Hakusoma chuo cha Biblia, lakini ule mfano wa mtini katika Luka 13 aliufanya kwa jembe. (Mwembe ulizaa, ndiyo. Maembe machache, madogo, yenye nyuzi nyingi. Yeye alisema ni matamu.)

Ngoja nifike pale panaponiuma.

Mdogo wangu aliingia kwenye pombe. Aliuza mbuzi wa Shangazi, akachukua pesa za chama alizokuwa ametunza chini ya godoro, akaenda Nairobi na simu ikazimwa. Mwaka 2022, wakati mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu na kila mtu ana hasira, Baba Mdogo aliita kikao cha kugawa shamba. Ni mimi, mtumishi wa Mungu, niliyesimama nikasema yule asipewe kitu. Nilikuwa hata na andiko.

Shangazi hakuinua sauti. Akasema, “Pastor.” Aliniita Pastor akiwa amekasirika tu. “Wewe nilikumwagilia miaka mingapi?”

Wazee waliangalia chini. Walijua. Kabla sijaokoka nililetwa nyumbani kwa toroli zaidi ya mara moja, na ni yeye aliyefua nguo zangu bila kumwambia mtu. Kikao kiliishia hapo, na kipande cha mdogo wangu kikabaki.

Baada ya mazishi binti zangu walikuwa wakipanga vitu vyake wakaniletea mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na noti zilizokunjwa na daftari. Kila msimu alilima tuta la mdogo wangu peke yake, akapalilia, akauza ndengu zake, akaandika jina lake na kiasi. Kuna msimu ambao ameandika sifuri. Hata sifuri aliiandika.

Na mdogo wangu alikuja kumzika. Nilimwona nikiwa na maikrofoni mkononi, amesimama nyuma kabisa karibu na ua, amekonda, viatu vimejaa vumbi. Wakati wa kufukia kaburi alichukua koleo, akafanya kazi kuliko vijana wote. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nikajishughulisha kusalimia wachungaji wageni. Watu walipoanza kupakuliwa muthokoi alikuwa ameshapanda bodaboda akaenda.

Hiyo ndiyo sababu ya Jumapili. Nilikuwa nimeandaa kuhubiri msamaha, na nilipofungua kinywa niliona vile viatu.

Tazameni ule mfano tena mkipata nafasi. Bwana Yesu hakutuambia kama mti ulizaa mwaka uliofuata. Aliishia kwa mtu mwenye jembe akiomba. Mimi nimehubiri mfano huo mara nyingi na sikuwahi kuona hilo.

Kijana wa bodaboda amenipatia namba yake mpya. Mkebe uko hapa mezani, sijaugusa. Mniombee, wapendwa, kwa sababu nikimaliza kuandika nitampigia, na sijui nianze na neno gani.