Taa ya Mwalimu

Jirani yetu hapa Dzaleka ni mwalimu wa shule ya msingi. Mchana anafundisha, usiku anasoma. Anatafuta shahada ya pili ya mbinu za kisasa za kufundisha na kujifunza, kwa njia ya intaneti. Kusoma hivyo si jambo geni kwetu. Tangu 2010 kuna wakimbizi wa hapa waliosoma diploma ya Regis University ya Marekani bila kutoka kambini. Lakini yeye ana mvi, basi majirani wanamcheka: "Mzee mzima bado anafanya homuweki!"

Mimi pia nilicheka. Nafanya kazi na vijana, na nilidhani mbinu za kisasa ni kompyuta na projekta. Darasa lake lina ubao, chaki na watoto zaidi ya mia. Hiyo projekta ataichomeka wapi?

Siku moja akaniita: "Mdogo wangu, njoo uone kwanza, halafu ucheke."

Somo lilikuwa hesabu za sehemu. Alikuja na mabua ya mahindi, kila watoto wawili wakapata bua moja. Akauliza: robo mbili na nusu moja, ipi kubwa? Kwanza kila mtu afikiri kimya, halafu amweleze mwenzake, halafu ndiyo darasa lisikie. Akawaruhusu waongee lugha yoyote. Ikawa kelele tupu: Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Chichewa. Kulikuwa na msichana kutoka Kongo ambaye muhula mzima hakuwahi kufungua mdomo. Akavunja bua, akapima, akamwambia mwenzake: "Ni sawasawa, angalia!" Kumbe hesabu alikuwa anaijua. Alichokosa ni Kiingereza tu.

Jioni Mwalimu akanisimulia habari za Paulo Freire wa Brazili. Mwaka 1964 wanajeshi walichukua nchi, wakamfunga, kisha akakimbia. Akiwa Chile aliandika kwamba tukimjaza mwanafunzi maneno tu, tunamfanya kama benki: anapokea, hafikiri. "Unaona," Mwalimu akasema, "naye alikuwa mkimbizi kama sisi."

Lakini msidhani mambo ni rahisi. Chuo kilidai cheti cha digrii yake ya kwanza, na cheti kilibaki Bukavu alipokimbia. Ilichukua karibu mwaka hadi ndugu yake akapata nakala. Bando linakula posho. Umeme ukikatika, kazi ya usiku huo imekufa. Akitaka kwenda Lilongwe kuchapisha makaratasi, lazima kwanza atafute ruhusa, halafu nauli ya minibasi.

Mwaka jana aliacha kusoma miezi miwili. Nikamuuliza kwa nini.

"Nikimaliza, nani ataniajiri?"

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka mipaka kuhusu kazi ya mshahara na kuhusu kutembea. Basi Mwalimu awe na shahada ya pili au asiwe nayo, posho yake ni ileile. Mimi sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba ile njia ya wawili wawili nimeanza kuitumia kwenye kikundi changu, na wale vijana wanaokaaga nyuma kimya sasa wanaongea kunizidi. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata nikaona taa inawaka tena.

Ndugu zetu wa mashirika, semina ya siku tatu tunashukuru. Ila kile nilichokiona darasani hakikutoka kwenye semina, kilitoka kwenye usiku mwingi wa kusoma. Mkipanga bajeti ya walimu, wekeni na ada, na bando, na mtu wa kuwasaidia kufuata vyeti vilivyobaki nyumbani.

Na sisi majirani, redio tupunguze kidogo. Amebakiza masomo mawili na tasnifu.