Mwanasesere na Mkunga

Kosa la mhunzi huharibu jembe. Kosa la mkunga huzima pumzi. Kwa hiyo ni heri mkono ukosee kwanza juu ya mwanasesere.

Mwaka 2010 wakunga wa hospitali ya Haydom, kaskazini ya Tanzania, walifundishwa kwa siku moja namna ya kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua. Mbele ya mwanasesere walifanya vyema. Mbele ya mtoto wa damu na nyama mikono ilirudia desturi yake ya zamani. Mwaka uliofuata mafunzo yakawa mafupi na ya mara kwa mara, dakika chache tu, pale pale penye kuzalia. Vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vikapungua toka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Lakini mwanasesere hana ulimi wa kuonya. Zoezi likiisha, yafaa wakunga waketi na kuulizana: nini kimetendeka, kwa sababu gani, na kesho kitendwe nini? Aulizwaye bila ya kudhalilishwa husema kweli, na kosa lililokiriwa huwa mwalimu. Kosa lililofichwa kwa aibu hukaa likimngoja mtoto wa kweli.