Mume Wangu Alipotaka Jiko Jipya

Msomaji, kama umeoa, naamini siku ile kuna mjomba au mshikaji aliyeshika kipaza sauti akatangaza kwamba hatimaye umepata jiko. Ndivyo tunavyosema Waswahili, hata kama jiko lenyewe linajua kukaanga mayai tu. Sasa hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Ni mwaka 2022, tuna miaka sita ya ndoa, na mume wangu anaingia ndani na karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: JIKO JIPYA. Anatabasamu. Anauliza, "Unalionaje, mama watoto?"

Tulia, hakuwa na mambo ya mke wa pili. Mume wangu anatengeneza majiko ya mkaa. Yeye na fundi mwenzake wana karakana ndogo upande wa Gerezani, Dar es Salaam, kule ambako nyundo na mabati haviachi watu wakasikilizana. Jiko lao la kwanza liliitwa Tunu. Hilo ndilo jina ambalo marehemu baba mkwe alikuwa akimwita mkewe, na mama mkwe ndiye aliyetoa mtaji wa kwanza alipovunja kikoba chake. Kwa hiyo Tunu halikuwa jina la kubandika tu. Lilikuwa shukrani.

Tunu ilijiuzia polepole, kwa majirani na kwa watu wa kanisani na msikitini. Halafu vijana wakakaa miezi minane wakitengeneza toleo la pili. Na ukweli usemwe, lilikuwa bomba. Kati ya udongo wa ndani na bati la nje waliweka tabaka nene la saruji na majivu, joto likawa linabaki ndani badala ya kuchoma miguu ya watoto. Kimlango cha chini kilikuwa kinafunga sawasawa, ukitaka kupunguza moto unapunguza kweli. Mkaa ukawa hauliwi ovyo.

Najua kuna anayesema, mkaa tena zama hizi? Nakuelewa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, na lengo ni kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hata mimi nina mtungi wangu wa kilo sita. Lakini niambie, nani anachemshia maharage kwenye mtungi huo mwisho wa mwezi? Nyumba nyingi ninazozijua, chai ni ya gesi na maharage ni ya mkaa. Jiko linalokula mkaa kidogo bado lina kazi.

Kasheshe ilikuwa jina. Shilingi milioni tatu tulizokuwa tunaweka kwa ajili ya kiwanja zilikuwa zimeshageuka mabati, udongo na posho za vijana. Sabasaba ilikuwa imebaki wiki sita. Stika zilitakiwa ziende kuchapwa, na mchapaji hachapi "jina litafuata". Majiko yale yakirudi nyumbani, kiwanja kimeota mbawa. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na ndiyo maana usiku mwingine tulilala kila mtu amegeukia ukuta wake kwa sababu ya neno moja.

"Jiko Jipya" nililikataa kwa sababu ambayo hata wewe umeshaiona. Mama mmoja anamwambia shoga yake, "Mume wangu kaniletea jiko jipya." Kabla hajamaliza sentensi ameshapewa pole. Akasema basi liwe "Tunu Mpya". Nikamwuliza, na huyo Tunu wa zamani ambaye yuko hai, anasali Ijumaa na anakuja kula kwetu kila mwisho wa wiki, tunamwambiaje? Kwamba marehemu baba angepata mwingine? Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja wa mdomo.

Yakaja mengine. "Tunu Plus". "Super Tunu". Shemeji yangu, ambaye yupo chuo, akaleta "Tunu Pro Max" na kusema ndiyo inayokimbiza. Fundi mwenzake akataka "Tunu Namba Mbili", na hapo sikuhitaji hata kufungua mdomo, mume wangu mwenyewe alishika kichwa.

Kazi yangu ni uhariri, na nilisomea mawasiliano. Mume wangu alidhani kwa hiyo nitachomoa jina mfukoni kama mganga. Haiko hivyo. Ninachokijua mimi ni kwamba anayenunua kitu hakiiti kwa jina la sifa alizojipa mwenye kiwanda. Anakiita kwa kile kilichomsaidia yeye. Chukua ile simu ya Nokia ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kiwandani iliitwa 1100. Huku kwetu nani aliiita 1100? Ilikuwa "kitochi", basi. Watengenezaji walikuwa wameweka mambo mengi ndani yake, lakini watu waliokuwa wanatembea usiku bila umeme walichagua jambo moja, wakalifanya jina, na mpaka leo simu yoyote ndogo ya vitufe ni kitochi hata kama haina tochi.

Na namba? Namba zinafaa kwenye kitu ambacho mtu anataka aonekane nacho. Simu unaiweka mezani, watu wanajua unayo ya mwaka gani. Jiko liko uani, nani analitazama? Kingine ni kwamba namba mbili inamtukana mwenye namba moja. Tulikuwa na watu zaidi ya mia moja wenye Tunu jikoni, na ndio waliokuwa wakitutangaza bure.

Hapo nilimkumbusha mume wangu kisa cha Coca-Cola, maana anapenda soda kuliko mtoto. Aprili 1985, kule Marekani, kampuni ilibadilisha ladha. Walikuwa wameshawaonjesha watu kwa maelfu, na wengi walisema ile mpya ndiyo tamu. Wakaiandika "New" na kuiondoa ya zamani. Simu na barua za hasira zilizofuata, we acha tu. Siku 79 baadaye ya zamani ikarudishwa madukani, safari hii ikiitwa Coca-Cola Classic. Walioonja walisema kweli kuhusu ladha. Ambacho hakuna aliyewauliza ni kama wako tayari kuambiwa kwamba kitu chao cha miaka yote sasa ni kikuukuu.

"Kwa hiyo unataka tubaki na Tunu?" akauliza.

"Nataka Tunu ibaki," nikasema, "halafu iongezwe neno linalosema kilichobadilika."

Si jambo la kuvumbua, wenzetu wa Kenya wameshalipitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliangalia majiko ya Thailand, wakapata lile la bati lenye kiuno na udongo ndani, na likaitwa Kenya Ceramic Jiko. Jina la ripoti kabisa hilo! Jiko lilienea, lakini sijui mama gani amewahi kwenda sokoni akalitaja kwa urefu wote huo. Kulikuwa pia na jiko la kuni la udongo lililoitwa Maendeleo. Baadaye likauzwa kwa jina la Upesi. Hebu yaseme yote mawili kwa sauti. Maendeleo ni neno la mkutano wa hadhara, mgeni rasmi kachelewa na jua ni kali. Upesi ni neno la mama mwenye watoto wanaolia njaa. Kuna jingine wakaliita Kuni Mbili, na hapo huhitaji hata kipeperushi. Na hili la siku hizi, Jikokoa, limeunganisha jiko na kuokoa kiasi kwamba ulimi unateleza wenyewe. Ninalipenda jina hilo kwa wivu.

Basi Jumamosi mbili nikaenda kukaa Mbagala, kwenye kibanda cha mama anayeuza mkaa. Sikuwa na dodoso wala kalamu. Nilikaa kwenye ndoo nikasikiliza. Hakuna aliyesema "matumizi bora ya nishati". Waliulizana, "Leo umepikia makopo mangapi?" Dada mmoja aliyekuwa na jiko la bati tupu alinunua makopo mawili, akasema moja la maharage na jingine la ugali wa jioni. Mwingine alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wanatujaribia toleo la pili. Akamjibu bila kujivuna, kama anayetaja bei ya nyanya: "Mimi maharage kopo moja, na linabaki la chai."

Nilirudi nyumbani na daladala nikiwa na neno langu. Kopo Moja.

Usidhani nilipigiwa vigelegele. Mume wangu alilitazama lile jina kama mtu aliyepewa shati la mdogo wake. Kwake kopo ni kitu cha maskini, na yeye miezi minane alikuwa anatengeneza kitu cha maana. Nilimwelewa, kwa kweli. Mwanaume amehangaika na tabaka la saruji na majivu mpaka vidole vimepasuka, halafu mkewe anakipa kitu chake jina la chombo cha rangi. Akaniambia, "Wewe unaandika kwenye magazeti ya watu wazuri, halafu mimi ndiyo unanipa kopo." Ilinichoma. Sikumjibu usiku ule.

Kesho yake alikuja na hoja nzito zaidi, na hiyo ndiyo iliyotusogeza. Alisema, kopo lipi? Kila muuza mkaa ana lake. Kopo la rangi la lita nne linajulikana, lakini wengine wamelibonyeza kitako mpaka limebaki nusu ya roho. Mteja akinunua kwa kopo la wizi, maharage yasipoiva, muongo ni nani? Ni jiko.

Alikuwa sahihi kabisa. Jina la aina hiyo si pambo, ni ahadi, na mtu anaweza kukudai. Kwa hiyo tulifanya kitu kimoja ambacho mpaka leo nakionea fahari. Tulikwenda kununua mkaa kwa yule muuzaji mwenye kopo lililobonyezwa kuliko wote tuliowajua. Maharage kilo moja, yaliyolowekwa usiku. Mara tano, siku tano, na fundi mwenzake akiwa shahidi. Siku ya tatu upepo ulikuwa mkali na nilikata tamaa. Mume wangu alichuchumaa pale na kimlango chake, anafungua, anafunga, haongei na mtu. Mara zote tano yaliiva. Tulikula maharage wiki nzima, watoto wakawa wanauliza kama tumefilisika.

Alipofunika sufuria ya tano alisema mwenyewe, "Haya. Kopo moja." Nadhani alichokuwa anataka muda wote ni kwamba jina libebe kazi yake, na "Plus" isingembebea chochote.

Ikabaki mama mkwe. Hili nililiogopa kuliko Sabasaba. Tulimwekea jiko mbele, stika imeandikwa TUNU kwa herufi kubwa na KOPO MOJA chini yake. Akavaa miwani, akasoma, akanyamaza. Halafu akamgeukia mwanawe. "Baba yako alikuwa ananinunulia mkaa kwa gunia ili nisihangaike. Wewe unanipimia kopo." Mume wangu akawa mdogo kama pilipili. Mama akaendelea kusoma, kisha akasema, "Lakini maneno yanasema kweli. Yaache." Yeye ni mtu wa kanga, unajua. Dukani anaweza kuusifia mji na pindo, rangi ikamkaa vizuri, lakini asipoyapenda maneno yake anairudisha kwenye rafu. Kwake kanga bila jina ni shuka. Kupita kwake nilikuhesabu kuliko cheti chochote.

Sabasaba tulipeleka majiko 180 kwa bei ya shilingi 25,000. Tulirudi na 23. Siwezi kukuapia kwamba ni jina lililouza, maana tulikuwa pia na sufuria ya maharage inachemka pale mbele, na harufu ina ushawishi wake. Ila nilisikia kwa masikio yangu watu wakiulizana getini, "Lile la kopo moja liko upande gani?"

Mtaani wameshalikata, kama nilivyotegemea. Wanasema "Kopo" tu. "Nipe Kopo kubwa." Tunu imebaki kwenye stika na kwenye risiti. Mume wangu inamuuma kidogo, naona. Lakini mwezi uliopita alikuja mama mmoja karakana kubadilisha udongo uliokwisha kwenye jiko lake la toleo la kwanza. Kijana wa pale akamshauri anunue Kopo, akamweleza faida zote. Mama akamwacha amalize, akakumbatia jiko lake lililoungua bati na kusema, "Mwanangu, nitengenezee hili. Mimi ninaye Tunu mwenyewe."

Mume wangu alilitengeneza bure. Nilimwambia hatutanunua kiwanja kwa mtindo huo.