Barua kutoka Khiva

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa Khiva, Uzbekistan, nimevaa soksi jozi tatu na lile koti nililoazima kwa baba yako. Semina ya Tashkent ilipokwisha niliona ni aibu mwalimu wa hesabu kufika nchi hii halafu arudi Tanga bila kumzuru mzee Khwarizmi wa aljebra. Nikapanda treni ya usiku, tukavuka jangwa la Kyzylkum, na kulipopambazuka nikachungulia dirishani: mchanga umefunikwa theluji. Mimi jangwa nililijua kwa joto tu.

Mji wa kale wanauita Ichan Kala. Umezungukwa na ukuta wa udongo wenye kimo cha kama mita 10, una malango manne, na tangu 1990 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba ya wageni niliyofikia imo humo ndani. Mwenyeji alinitumia maelekezo kwa Kirusi, simu ikanitafsiria: ingia langoni, nyoosha mpaka uone mnara, kata kushoto, nyumba ya tatu.

Sasa nisikilize. Nimeingia langoni, sijapiga hata hatua kumi, mnara huu hapa! Unaitwa Kalta Minor, mfupi, mnene kama mtungi, umevikwa vigae vya buluu na kijani. Khan Muhammad Amin alianza kuujenga miaka ya 1850, akauawa vitani 1855, na ujenzi ukaishia hapohapo. Nikiinua macho, kule mbele kuna mnara mwingine, mrefu mwembamba, wa Islam Khoja, wa mwaka 1910. Nikate kushoto kwenye upi? Na nyumba ya tatu kuanzia wapi, upande gani? Nilizunguka nusu saa na begi langu, masikio yamekufa ganzi, nikiwaza kazi yako ya chuo, ya kuandika algoriti kwa sudokodi, uliyonitumia ukaniuliza, "Mjomba, kwani mwalimu anataka nini?"

Anataka hicho alichokosa mwenyeji wangu. Algoriti ni hatua za kutoka ulipo hadi unapotaka kufika, zenye mpangilio, zenye mwisho, na kila moja iwe na maana moja tu. Sudokodi ni hatua hizo ukiziandika kwa lugha ya kawaida iliyofungwa mkanda kidogo, kabla hujaingia kwenye lugha yoyote ya programu. Unamwandikia mtu ambaye hatakuwa na nafasi ya kukuuliza. Mwenyeji wangu si mjinga, ila mnara anaousema anaujua yeye. Na neno "mpaka" alilitumia vibaya: ukiandika RUDIA MPAKA, sharti lako liwe bado halijatimia unapoanza, na litimie njiani. Kwake lilikwisha kutimia mlangoni. Lisingetimia kabisa, ningekuwa natembea hadi leo.

Nilipofika nilipewa chai ya kijani na tambi za kijani vilevile, zina mchuzi wa nyama na viazi juu yake na mtindi pembeni. Usicheke, tamu. Kisha nikaifungua kazi yako. Umeambiwa utafute alama kubwa kuliko zote darasani, ukaandika:

x = 0
KWA KILA y kwenye orodha
    IKIWA y > x
        x = y
ONYESHA x

Umepanga vizuri, kila hatua na mstari wake, na kilicho ndani ya IKIWA umekisogeza ndani. Hizo x na y sizipendi, kwani aliyekuzuia kuandika "kubwa" na "alama" ni nani? Lakini hilo dogo.

Kuna kipimajoto kimetundikwa nje ya dirisha langu, na kila alfajiri nimekuwa nikikisoma, maana nyumbani hawataniamini. Asubuhi nne: -6, -11, -4, -9. Chukua kalamu, tafuta joto kubwa kwa hatua zako mwenyewe. Unaanza na 0. Je, -6 inazidi 0? Hapana. -11? Hapana. -4? Hapana. -9? Hapana. Onyesha 0. Yaani kwa hesabu yako Khiva imepata asubuhi yenye nyuzi 0, na mimi niliyepasuka midomo nakuambia haikutokea!

Kosa lako ni la watu wengi, nami nimelifanya. Ulitaka kusema "bado sijaona kitu", ukaandika sifuri. Neno lenyewe sifuri tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni utupu, kwa hiyo sikulaumu sana. Ila kwenye hesabu sifuri ni namba kama nyingine, ina mahali pake, na ni kubwa kuliko -4. Anza na kitu ulichokiona kweli:

IKIWA orodha haina kitu
    ONYESHA "hakuna"
    ACHA
kubwa = namba ya kwanza kwenye orodha
KWA KILA namba iliyobaki
    IKIWA namba > kubwa
        kubwa = namba
ONYESHA kubwa

Ipitishe kwa kidole, utapata -4. Mistari mitatu ya juu ni ya siku ambayo hakuna aliyesoma kipimajoto.

Jana ndipo nilipokwenda kwa mzee Khwarizmi mwenyewe. Sanamu yake iko nje ya ukuta, upande wa lango la magharibi, ameketi na kilemba chake, macho ameyainamisha chini kama anayepiga hesabu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, yaani wa Khwarizm, nchi hii hii. Kazi alifanyia Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Kitabu chake cha tarakimu za Kihindi kilipotafsiriwa kwa Kilatini karne ya 12, jina lake likageuka Algorizmi, na likaendelea kugeuka hadi likawa neno hili algoriti linalokutoa jasho. Mwaka 1979 Andrei Ershov na Donald Knuth, vigogo wa fani yenu, waliitisha mkutano wa algoriti Urgench, mji wa jirani, kwa heshima yake.

Lakini kilichonileta mimi ni kile kitabu chake cha aljebra. Hakina alama hata moja. Hakuna x, hakuna jumlisha, hata namba kaziandika kwa maneno. Na sehemu kubwa ni hesabu za mirathi na wasia, zilezile zinazogombanisha ukoo wetu. Mfano wake mashuhuri ni huu: namba ukiizidisha kwa yenyewe, ukaongeza mara kumi yake, unapata 39. Ni namba gani? Njia yake naipanga kwa mtindo wenu:

nusu = 10 / 2
mraba = nusu × nusu
jumla = mraba + 39
kipeuo = kipeuo cha pili cha jumla
jibu = kipeuo - nusu

Yaani 5, 25, 64, 8, na jibu 3. Hakiki: 9 na 30 ni 39. Karne kumi na mbili zimepita na bado mtu anafuata hatua kwa hatua bila kumuuliza mzee swali. Na umeona alichoacha? Hata -13 inakubali: 169 toa 130 ni 39. Hakuitaja, maana namba za chini ya sifuri kwake hazikuwa jibu. Nilimtazama pale amekaa kwenye baridi, nikakukumbuka wewe na x = 0 yako.

Usiku nikajitia ufundi, nikamwandikia mwenzangu wa semina maelekezo ya kufika hapa: minara yote miwili kwa majina, hatua zimehesabiwa, kushoto na kulia. Leo asubuhi kapotea. Kaingia lango la mashariki. Nimeongeza mstari wa kwanza: ANZIA lango la magharibi, lenye sanamu nje.

Mwambie baba yako koti lake zima, tundu la mfukoni lilikuwapo.

Mjomba wako