Mwalimu Mkuu Katika Dawati la Nyuma

Wahenga walilonga kuwa ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kwa muda mrefu niliichukulia methali hii kuwa nasaha kwa mwanafunzi mzembe. Sikuwahi kufikiri kwamba ingeweza kumhusu mwalimu mkuu, mwenye afisi na muhuri. Fikra hiyo ilibadilika nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu kwenye shule moja ya kutwa huko Nyamira, iliyojengwa mtelemkoni na kuzungukwa na mashamba ya majani chai.

Lilikuwa juma langu la tatu. Nilikuwa nikifundisha ngeli ya U-I katika kidato cha pili. Andalio la somo lilikuwa safi, chaki zilikuwa za rangi mbili, na sauti yangu, nakiri, ilikuwa ikinipendeza mimi mwenyewe. Ghafla mwalimu mkuu aliingia akiwa na daftari dogo, akaniashiria niendelee, kisha akaenda kuketi kwenye dawati la mwisho kando ya dirisha. Moyo ulinidunda. Alikaa pale hadi kipindi kikaisha.

Kengele ilipolia aliniita, si afisini mwake, bali chini ya mparachichi. Nilitarajia lawama. "Karibu uketi, mwalimu," alisema, kisha akafungua daftari lake. Alikuwa amechora ramani ya darasa: kila mraba ulikuwa dawati, na kila nukta ilikuwa swali nililouliza. Darasa lilikuwa na wanafunzi 52. Nukta zilikuwa 19, zote zimerundikana katika safu mbili za mbele.

"Na hawa wa nyuma, mwalimu, wamejifunza nini leo?" aliniuliza kwa upole.

Sikuwa na jibu. Akanieleza kuwa msichana aliyeketi karibu naye alikuwa ameandika: "Mikate umeriwa." Kosa la r lilitokana na lugha yake ya kwanza, Ekegusii, ambayo haina sauti l. Kosa la kiambishi lilitokana nami. Nilikuwa nimetoka darasani nikiamini kwamba somo limeeleweka, ilhali aliyelihitaji zaidi hakuulizwa hata swali moja.

Laiti angeishia hapo, ningeondoka nikiwa nimefedheheka tu. Lakini aliongeza: "Alhamisi nina kipindi cha historia katika kidato cha kwanza. Njoo unitazame, nawe unichoree nukta zangu." Nilienda. Naam, yeye pia aliwasahau wanafunzi wa upande wa mlango. Nilimwonyesha ramani nikitetemeka. Alicheka, akaichukua na kuibandika ukutani katika majilisi ya walimu, pale palipozoeleka kubandikwa orodha za alama. Baada ya majuma machache, mwalimu mmoja mkongwe, ambaye awali alimwona kila mgeni darasani kuwa mkaguzi aliyetumwa kumtafutia makosa, aliniomba nimchoree ramani yake.

Jambo hili si geni katika eneo letu. Mwaka 1998 serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Wilaya za majaribio zilikuwa tisa, na mbili kati yake, Kisii ya Kati na Gucha, zilikuwa za hapa Gusii. Walimu walifunzwa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Kwa maoni yangu, hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mwalimu hawezi kujitazama anapofundisha. Anahitaji jicho la mwenzake, na jicho hilo likiwa la kiongozi asiyekuja kuhukumu, manufaa huwa makubwa zaidi.

Aghalabu sisi hutazama mahali pengine. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, Shule ya Upili ya Nyambaria iliyoko Nyamira ilitajwa na magazeti kuwa ya kwanza nchini. Eneo zima lilishangilia. Punde si punde maswali yakazuka kuhusu uadilifu wa mtihani ule, na Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikaanzisha uchunguzi. Sina nia ya kumhukumu yeyote. Kilichonisikitisha ni kwamba wenye kushangilia na wenye kushuku walizungumzia alama tu. Ni wachache waliouliza kinachotendeka katika kipindi cha kawaida, Jumanne alasiri, mwezi wa Mei, mtihani ukiwa bado mbali.

Swali hilo ni zito kwetu. Mashamba ya Kisii na Nyamira yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa wana, hata baadhi ya vijana wanarithi sehemu isiyotosha nyumba na migomba michache. Kwa mzazi anayechuma majani chai alfajiri ili alipe karo, shule ndiyo shamba analomwachia mwanawe. Mtoto asiyeulizwa swali lolote kwa miaka minne amenyimwa urithi wake.

Nafahamu fika kuwa mwalimu mkuu ana mizigo mingi. Kuna bodi, karo zisizolipwa, uhaba wa walimu na madarasa yaliyofurika. Nukta za daftarini haziwezi kuajiri mwalimu hata mmoja. Kuna pia fomu: mfumo wa kutathmini walimu ulioanzishwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) mwaka 2016 unahitaji vipindi vishuhudiwe, lakini fomu inaweza kujazwa bila mtu kuketi darasani. Mama yule alijitengea vipindi viwili kwa juma, Jumanne na Alhamisi, na hakuruhusu mgeni wala simu kuvivuruga. Gharama yake ilikuwa daftari moja na unyenyekevu mwingi.

Katika kipindi changu kilichofuata nilianza kuuliza maswali kutoka nyuma. Yule msichana alikawia kusimama, akasema kwa sauti ya chini. Siku yangu ya mwisho shuleni alikuja ubaoni, akaandika "Mikate imeriwa," akasita, akaifuta r kwa kidole, akaandika l.

Wanachama wenzangu, wengi wetu tutakuwa walimu, na baadhi yetu tutakabidhiwa funguo za afisi ya mwalimu mkuu. Siku hiyo itakapofika, tusisahau kwamba kuna dawati la nyuma linalotusubiri.