Tulicheka, Kisha Tukanyamaza

Jumapili moja jioni, baada ya chakula, tulikusanyika sebuleni watu wanne: mimi, watoto wangu wawili, na kaka yangu mkubwa aliyekuja kututembelea. Binti yangu alichagua filamu ya Kihindi ya zamani iitwayo Jaane Bhi Do Yaaro, iliyotolewa mwaka 1983, akaahidi kutusomea tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Mimi nilidhani ni mchezo wa kuchekesha tu, wa kumpumzisha mtu aliyechoka. Nilikosea, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Filamu hiyo iliongozwa na Kundan Shah, na fedha zake zilitoka katika shirika la serikali ya India linalosaidia sinema. Haina wapenzi wanaoimba wakizunguka miti. Inasimulia habari za vijana wawili maskini, Vinod na Sudhir, wanaoigizwa na Naseeruddin Shah na Ravi Baswani. Wamefungua duka la kupiga picha mjini Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai, lakini wateja hawaji. Mhariri wa gazeti moja, mwanamke, anawapa kazi ya kupiga picha kwa siri ili kufichua jinsi matajiri wa ujenzi wanavyomhonga kamishna wa manispaa. Siku moja wanaikuza picha mojawapo waliyoipiga, na humo wanaona jambo ambalo macho yao hayakuliona: mtu ameshika bastola. Kumbe wamepiga picha ya mauaji, na aliyeuawa ni kamishna yule yule.

Uzuri wa kwanza wa filamu hii ni kwamba hofu na kicheko vimepikwa katika chungu kimoja. Jeneza la kamishna linapata magurudumu na kuteremka barabarani usiku; tajiri mmoja aliyelewa analidhania kuwa gari lililoharibika, naye kwa wema wa kilevi anajitolea kulivuta. Mwishoni maiti inavikwa nguo za kike na kupelekwa jukwaani, katikati ya mchezo wa Mahabharata, hadithi kuu ya kale ya Wahindi. Watazamaji wanadhani ni Draupadi, mke wa wale ndugu watano. Wote wanaoitaka maiti wanarukia jukwaani na kulazimika kuwa waigizaji. Mwanangu alicheka hata akateremka kitini, na kaka yangu akafuta machozi kwa kiganja.

Uzuri wa pili ni kwamba haimpendelei mtu. Matajiri ni wezi, askari ni wa kununuliwa, na hata mhariri aliyejidai mtetezi wa haki anataka kuuza siri ile kwa bei nzuri.

Lakini kasoro pia zipo. Mwanzo wake unajikokota, na baadhi ya vichekesho vinarefushwa mpaka utamu unakwisha, kama muwa uliotafunwa ukabaki makapi. Maiti inatembezwa mji mzima, wala hainuki wala haiharibiki. Tena marehemu huyo hana hata mtu mmoja wa kumlilia kwa dhati. Ni kweli alikuwa mla rushwa, lakini sisi tuliolelewa kuheshimu maiti tunacheka huku tukiona haya.

Kisha unakuja mwisho. Daraja lililojengwa kwa hila limeanguka. Matajiri na wakubwa wanapatana, na lawama inawaangukia wapiga picha wawili. Tunawaona wamevaa nguo za wafungwa, wanapita mjini, wanatugeukia na kupitisha mkono shingoni kama wanaochinjwa, huku wimbo wa matumaini ukisikika.

Binti yangu alikasirika. Aliuliza, “Mjomba, filamu gani hii inayowafunga wasio na hatia?”

Kaka hakujibu upesi. Alipojibu, alitueleza jambo ambalo hata mimi, ndugu yake wa tumbo moja, sikupata kulisikia kutoka kinywani mwake. Alipokuwa kijana alikuwa mwashi. Katika jengo moja alimwambia msimamizi kwamba mchanga umezidi na saruji ni haba. Akaambiwa achanganye kama alivyoagizwa. Mvua ziliponyesha ukuta ulianguka, na kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Mwenye kazi alisema mwashi ndiye aliyeiba saruji. Kaka alikaa mahabusu miezi miwili. Sisi nyumbani tuliambiwa amekwenda kufanya kazi mbali, na mama alikufa akiamini hivyo.

“Vijana wale,” alisema, “walimtegemea mtu mmoja tu. Mimi nami nilimwambia mtu mmoja tu, tena kwa mdomo, pasipo shahidi. Laiti ningeandika hata kwenye kipande cha karatasi.”

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya filamu hii, na pia upungufu wake mkubwa. Inajua kutuonyesha dhuluma, wala haituonyeshi mlango wa kutokea. Inamwacha mnyonge na mkono wake shingoni. Lakini kama ingekuwa hotuba, kaka yangu angesinzia. Kwa kuwa ilimchekesha kwa muda wa saa mbili, ilimfungua mdomo uliokuwa umefungwa miaka mingi.

Wazazi wenzangu, itazameni pamoja na watoto wenu wakubwa, wala msiinuke upesi inapokwisha. Subirini kidogo. Huenda yupo mtu hapo sebuleni mwenye habari yake ya kusimulia. Watoto nao waambieni neno la fundi mzee: ukiona zege ni bovu, sema mbele ya watu, na uandike.