Chakula cha Mgonjwa na Leseni

Mdogo wangu anaishi na familia yake Florida, Marekani. Akina mama wa kanisani kwake humwuliza mwenye kisukari ale nini, na sasa anafikiria kuwatoza ada. Nimemwambia, "Mdogo wangu, ngoja kwanza."

Huko kila jimbo lina sheria yake. Mama mmoja aliifanya kazi hiyo California bila leseni, akahamia Florida, akaendelea kama kawaida. Mwaka 2017 alitozwa faini na gharama, zaidi ya dola 750. Alikwenda mahakamani, lakini mwaka 2022 mahakama ya rufaa iliiunga mkono Florida. Leseni yenyewe yadai shahada ya mambo ya lishe, saa 900 za mazoezi chini ya usimamizi, na mtihani. Kwa mama mwenye watoto watatu, si mchezo!

Anayebanwa ni yule anayelipwa. Hapo nashangaa kidogo, dada zangu, kwani ushauri mbaya humdhuru mgonjwa hata ukiwa wa bure. Anayechoma insulini akiambiwa aache wali na ugali ghafla, sukari yaweza kushuka mpaka akazimia. Kwa hiyo sina ugomvi na zile saa 900.

Mdogo wangu ameomba nafasi chuoni. Shemeji amekubali kushika jiko jioni.